Nundu na Bapa

Bweni la Wauguzi, Chumba Na. 14
3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, na kabla hujaanza kusahihisha mwandiko wangu naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nimedunduliza mwaka mzima. Nilichonacho kinatosha kitu kimoja tu: nauli ya kuja nyumbani likizo ya Juni, au simu yako. Nimewaza wiki nzima nikaamua simu. Usinune. Nauli ni siku kumi. Tunakaa, tunazoeana, ya kumi na moja unanisindikiza stendi, halafu kila mtu anarudi kwake kuanza upweke upya. Simu ni kila siku. Nikitoka zamu nabonyeza, nakuona umekaa hapo, tunakula wote, mimi huku na wewe huko.

Na sisemi simu ya kubahatisha. Nasema hizi kubwa zenyewe, za daraja la kwanza, ambazo hata madaktari wanazibeba kwa mikono miwili. Nimechuja mpaka zimebaki mbili. Nimekuwekea vipeperushi vyake humu ndani. Lile duka jipya la kona, mkabala na posta, wanazo zote mbili, na wana tawi huku. Wewe nenda kazishike, uniambie ipi. Mimi nalipa huku, wewe unachukua huko.

Ile yako ya vitufe tumeshaichoka wote. Mazungumzo yetu ni "unanisikia?" "nakusikia, wewe unanisikia?" mpaka salio linakata. Afadhali barua.

Chagua, baba. Usiwe na aibu ya kuchagua nzuri.

Mwanao,
Stempu


Nyumbani, chumba cha mbele
14 Machi

Mwanangu Stempu,

Marahaba, mama, marahaba sana. Barua yako niliitoa sandukuni juzi. Nikaitazama bahasha kwanza, mbele na nyuma, halafu ndipo nikaifungua. Miaka thelathini na moja ya kupanga barua haimtoki mtu mkononi kwa sababu ya kustaafu.

Duka nimekwenda. Muuzaji ni binti mmoja mchangamfu ambaye kila mteja anamwambia "dakika mbili tu," basi nimempa jina la Dakika Mbili na ameshaanza kuitika. Nikamwomba anipe simu zote mbili, moja kila kiganja, kama tulivyokuwa tunapokea vifurushi. Nikamwambia hii ina gramu mia mbili thelathini na mbili, na hii mia moja tisini na saba. Akacheka. Akafungua kijitabu chake. Ya kwanza nimekosea gramu moja, ya pili sikukosea. Akawaita wenzake, nikapewa nyingine tano nizipime. Mwanangu, ni muda mrefu sijazungukwa na watu namna ile, nilirudi nyumbani nimechoka kwa kufurahi.

Majina yake ya kizungu siyawezi. Ile nzito ina kamera zimetokeza mgongoni, nimeiita Nundu. Nyepesi haina kitu mgongoni, ni Bapa. Tuelewane hivyo.

Sasa maswali, maana kuuliza si ujinga. Ipi inakaa na chaji? Ipi inapaza sauti? Nundu ukiilaza mezani inayumba kwa sababu ya ile nundu yake, je, hilo ni kosa la kiwandani au ndivyo walivyokusudia? Na kipeperushi kimesema "kasi ya kioo mara mia moja na ishirini kwa sekunde." Kioo kinakwenda wapi?

Mimi sina haraka. Wanasema mchagua nazi hupata koroma, lakini nani aliwahi kufa kwa kula koroma?

Hiyo likizo yako ya Juni inaanza tarehe ngapi hasa? Nauliza tu.

Dakika Mbili aliniuliza kwa nini nakuita Stempu. Nikamweleza ulivyokuja kazini kwangu una miaka mitano, ukajibandika stempu kwenye paji la uso, ukapanda kwenye mizani na kusema "nitume." Akasema hajawahi kusikia.

Baba yako


Bweni la Wauguzi, Chumba Na. 14
26 Machi

Baba,

Shikamoo.

Haya, majibu. Nundu betri yake ni kubwa, inakaa siku moja na nusu. Bapa inakaa siku moja, lakini inajaa chaji kwa dakika arobaini, unachomeka unaoga unatoka iko tayari. Sauti, Nundu ina spika mbili. Kamera, Nundu inavuta kitu cha mbali mara kumi, unaweza kumwona mtu upande wa pili wa barabara mpaka vifungo vya shati. Kioo cha Nundu kinang'aa hata juani. Cha Bapa kiko chini kidogo. Kasi ya kioo maana yake picha haikwamikwami ukisogeza kwa kidole. Hakiendi popote, baba! Na zote mbili wameahidi kuzisasisha miaka saba, yaani kampuni itaendelea kuzitunza kwa ndani.

Kuyumba si kosa. Utaivalisha kava itulie.

Nimecheka peke yangu chumbani kwa habari ya gramu. Nilitaka kumsomea mtu nikakuta hakuna wa kumsomea. Huku ndivyo kulivyo. Unatoka kazini, unafungua mlango, kila kitu kiko palepale ulipokiacha, hata kijiko. Nyumbani nilikuwa nagombana na marehemu mama kwa kunihamishia vitu vyangu. Sasa ningemshukuru.

Mwandiko usiushangae, mikono inakufa ganzi kwa baridi. Wodini wanawasha kiyoyozi kupita kiasi.

Likizo ni tarehe moja Juni. Lakini usiihesabu, nimeshasema ni simu.

Stempu


Nyumbani, chumba cha mbele
8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Miaka saba ya kusasishwa! Nitakuwa na themanini na moja. Simu itakuwa bado kijana, mimi sijui nitakuwa wapi. Waulize kama wanasasisha na mwenye simu.

Nimeshakwenda dukani Jumamosi nne. Dakika Mbili ameniwekea kiti. Vioo nimevilinganisha na nimeona viko sawasawa, sioni tofauti yoyote, ingawa cha Nundu kinang'aa vizuri sana na ile rangi yake ya kijani imenipendeza. Bapa nayo ina sifa zake. Inaingia mfuko wa shati bila kulivuta shati. Ila ni laini mno, inataka kuponyoka, na mimi nikiangusha kitu siku hizi naona uvivu kukitafuta.

Lakini nimewaza jambo. Umesema tutakula wote. Nundu nikiiweka mezani itayumba kila nikikata mkate, na wewe humo ndani utatikisika mpaka chakula kikupalie. Kava unasema itatuliza, je, kava ya unene gani? Kuna kava ngapi? Niletee vipimo. Na Bapa haina nundu lakini itasimamaje? Itataka kuegemezwa. Iegemezwe na nini?

Ninakula chumba cha mbele siku hizi. Meza ya ndani imekuwa kubwa mno kwa sahani moja, na ukiweka kikombe kinatoa sauti nyumba nzima inasikia.

Swali la mwisho. Ile kamera ya mbele, inayomtazama mwenye simu usoni, kati ya hizi mbili ipi ni hafifu zaidi? Nauliza kwa faida yangu.

Na mwezi ujao naweza kuwa na maswali mengine. Usinunue kwanza.

Baba yako


Bweni la Wauguzi, Chumba Na. 14
20 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Mchagua jembe si mkulima! Kava zipo za kila unene. Bapa utaiegemeza kwenye kikombe. Watu duniani kote wanauliza kamera ipi ni nzuri, baba yangu peke yake anauliza ipi ni mbaya. Ya Bapa ndiyo hafifu, kama unataka kujua, na kusema kweli hata mimi hainiudhi, maana nikitoka zamu si mtu wa kutazamwa.

Wiki sita sasa tunazungushana. Nilidhani nitakuletea furaha, naona nimekupa kazi. Bei waliyopunguza inaisha tarehe thelathini na moja Mei. Nipe jina moja tu. Nundu au Bapa. Neno moja, hata kwa kadi ya posta.

Na andika ukiwa umekaa vizuri, tafadhali. Ukurasa wa pili mistari miwili umeipandisha mmoja juu ya mwingine, nimeshindwa kuisoma. Wewe uliyenichapa kwa mstari uliopinda!

Stempu


Dukani
29 Aprili

Dada,

Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana. Mimi ndiye muuzaji wa duka la simu la kona, yule baba yako aliyemwita Dakika Mbili. Bahasha ya barua yake ya mwisho aliniomba nimwandikie anwani, akasema kalamu yake imekauka, ndiyo maana ninayo. Hajui kama nakuandikia. Akijua ataacha kuja, na mimi sitaki aache.

Dada, baba yako haoni.

Sikujua siku za kwanza, maana ana maneno mengi na mikono yake inajua kila kitu. Lakini Jumamosi iliyopita umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu zetu za maonyesho zote zimeisha chaji. Sikuwahi kumwambia. Akaichukua Nundu, akaisogeza mpaka karibu na pua, akaigeuzageuza, akasema, "Mwanga wa hii hauna mpinzani, binti yangu. Nitamwandikia mwanangu hivyo." Kioo kilikuwa cheusi tii. Nikasema ndiyo, mzee wangu. Halafu nikaenda nyuma ya duka nikajifuta macho.

Akitoka hapa anapapasa ukuta mpaka posta, anahesabu milango. Sanduku lenu analifungua kwa kugusa. Wiki jana mwenzangu alimvusha barabara, baba akamshukuru kwa heshima zote akimwita "mama," na mwenzangu ni mwanamume mwenye ndevu.

Na jambo lingine, sijui kama ni la kusema. Habari za simu haulizi sana tena. Siku ile ya umeme aliniuliza kama simu hizi kubwa zinaweza kujua basi la tarehe moja Juni linaingia stendi saa ngapi. Nikamwambia zinaweza. Akaniambia hilo nisimwambie mtu.

Mimi nalipwa kwa kuuza, dada, kwa hiyo sipaswi kusema. Lakini usiharakishe kununua.

Mimi,
Dakika Mbili


Bweni la Wauguzi, Chumba Na. 14
9 Mei

Baba,

Shikamoo.

Nundu haitengenezwi kwa rangi ya kijani. Ipo nyeusi na ipo nyeupe, basi. Nilipoisoma barua yako ya Aprili nikadhani umekosea, nikaipita. Na mistari iliyopandana nikaipita, nikakusimanga juu yake. Jana nimezitoa bahasha zako zote nikazipanga kitandani kama ulivyonifundisha, za zamani kushoto, mpya kulia. Stempu ya Januari iko sawa. Ya Machi imelala upande. Ya Aprili umeibandika kichwa chini, na anwani yake si mwandiko wako. Wewe ambaye ulikuwa unarudisha barua za watu kwa stempu iliyopinda! Vyote hivyo vilikuwa mbele yangu nami nazungumzia kava.

Tangu lini? Jicho gani? Umeona daktari au unajitibu kwa kunyamaza? Kama ni mtoto wa jicho linatolewa, baba, ni kazi ya nusu saa, watu wanarudi kuona. Nijibu kama unavyomjibu muuguzi, siyo kama unavyomjibu mwanao.

Nimekasirika. Sijui nakukasirikia wewe au najikasirikia mimi. Simu gani hii tunayochagua! Nilikuwa nakununulia kioo kinachong'aa juani.

Ningekuja kesho. Lakini wodi haina watu, matroni hataniachia, mambo huku yamebana kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwenye karatasi. Niamini tu. Sasa nadhani tuchukue Nundu, ina sauti ya kusoma maandishi, itakusomea kila kitu.

Nijibu haraka.

Stempu


Nyumbani, chumba cha mbele
19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenichukua asubuhi mbili. Nasoma dirishani kuanzia saa mbili mpaka jua linapohama, kwa ile lenzi niliyopewa na posta siku ya kuniaga, neno moja moja. Usidhani nalalamika. Zamani barua yako nilikuwa naimaliza kwa dakika tano na siku iliyobaki sina la kufanya.

Nakujibu muuguzi kwanza. Si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Daktari nimemwona, mara tatu, matone natia asubuhi na jioni. Amesema kilichokwenda hakirudi, tunalinda kilichobaki. La kulia limekwenda lote. La kushoto limebaki tundu, ukilipima ni kama ukubwa wa stempu, na lenyewe lina ukungu. Taa zikiwa kali kama za dukani naona weupe mtupu. Wanasema macho hayana pazia. Yangu yamefungiwa, na linazidi kushushwa. Hajaniambia mpaka lini. Hawa watu hawasemi tarehe.

Sasa namjibu mwanangu. Mama, hizo simu sikuwa nachagua. Siku ya kwanza niliposoma "nauli au simu," nilijua nikisema neno moja tu, Nundu au Bapa, umeshalipa, na ukishalipa huji. Nikasema basi nisichague. Nitauliza maswali mpaka Juni ifike. Nilikuwa nakaa na Dakika Mbili tunatunga maswali, yeye akidhani nina shaka na betri. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja, "njoo nikuone." Nilishindwa. Baba wa watu anamwombaje mtoto aache kazi yake aje kutazamwa? Ndiyo maana nikauliza kamera hafifu. Nilijua nikishindwa ukainunua, hiyo kamera ingekuonyesha macho yangu, na nilitaka ikuonyeshe kwa shida.

Hilo ni langu. Kuna la kwako, na sikutaka kuligusa. Lakini umeandika niamini tu, nami sipendi ubaki peke yako na kitu ambacho ninakijua.

Bahasha naitazama kwanza, unalijua hilo tangu una miaka mitano, ukasahau. Tangu Oktoba barua zako hazipigwi muhuri wa mji wa hospitali. Zinapigwa muhuri wa ule mji wa ziwani wenye viwanda vya samaki. Muhuri wao una ufa kwenye herufi ya kwanza. Ulikuwa na ufa nikiwa kazini, tuliwaandikia wabadilishe, hawajabadilisha mpaka leo. Ule ufa nautambua hata nikifumba macho, sembuse kwa tundu. Na nimehesabu siku. Barua yangu inafika bwenini siku ya nne, lakini majibu yako yana siku nne za ziada. Kuna mtu bwenini anakupelekea, Mungu ambariki, ni mtu mwaminifu.

Kwa hiyo miezi minane nimejua hupo wodini. Ulipoandika juu ya kiyoyozi nilicheka kidogo, halafu nikaweka lenzi chini nikakaa. Nilikuwa naifikiria mikono yako.

Sikukuuliza kwa sababu posta tulikuwa na sheria moja. Mpanga barua anasoma ya nje tu. Ya ndani ni ya mwenyewe, hata kama bahasha imechanika, hata kama unaona mwandiko wa ndugu yako. Nimesoma ya nje, mama. Ya ndani hujaniambia na sikudai. Iwe ulifukuzwa, iwe uliacha, iwe umekosea, sijui na silazimiki kujua.

Ila nimechagua, umenisumbua sana nichague. Sitaki Nundu. Sitaki Bapa. Niliyobakiwa nayo ni sehemu ya ukubwa wa stempu, na uso wa mtu mmoja unaenea humo ukisogea karibu. Nina hamu na wewe mpaka naona aibu. Kila nikisikia mlango wa jirani nadhani ni wetu. Njoo kabla pazia halijafika chini. Njoo na harufu ya samaki, njoo bila sare, njoo hata usiku mmoja ulale uondoke.

Na kama huji, nunua unayotaka. Nitaishika mkononi nijue uzito wake.

Baba yako

Samahani mistari.


3 Juni

BABA,

SHIKAMOO. NIMEANDIKA KWA HERUFI KUBWA NA KALAMU NENE YA MAKASHA YA KIWANDANI, UNISOME BILA TAABU.

YA NDANI NI HAYA. HOSPITALI WALIPUNGUZA WAUGUZI MWEZI WA TISA. JINA LANGU LILIKUWA LA TATU KWENYE KARATASI. SIKUKOSEA KITU. LAKINI ULIKUWA UMESHAWAAMBIA POSTA NZIMA KWAMBA MWANAO NI MUUGUZI, NIKAONA NIKUACHIE HIYO FURAHA MPAKA NIPATE KAZI NYINGINE. SIJAPATA. NAPANGA SAMAKI KWENYE MAKASHA YENYE BARAFU, WAKUBWA HUKU, WADOGO KULE. NAPANGA KAMA WEWE, BABA. SIKU YA KWANZA NILILIWAZA HILO NIKATAKA KUKUANDIKIA, NIKAKUMBUKA SIWEZI.

NDIYO MAANA NILITAKA SIMU KULIKO NAULI. KWENYE SIMU NINGEKUONYESHA USO NA UKUTA MWEUPE NYUMA YANGU. NYUMBANI NINGEKUONYESHA MIKONO. NA WEWE UNATAKA KAMERA HAFIFU, NA MIMI NAFURAHI NI HAFIFU. TULIKUWA TUNATAFUTA SIMU YA KUFICHANA.

SIMU SIKUNUNUA. DAKIKA MBILI NIMEMPITIA ASUBUHI HII NIKAMWAMBIA. AMENIKUMBATIA KAMA TUMEZALIWA PAMOJA, AKANIAMBIA UMEKUWA UKIKAA STENDI TANGU TAREHE MOJA MPAKA BASI LA MWISHO. NISAMEHE. BARUA YAKO ILINIFIKIA TAREHE THELATHINI NA MOJA, NA BASI LA KWANZA LILIKUWA LIMEJAA. JANA LA KWANGU LILICHELEWA, ULIKUWA UMESHAONDOKA, NIKANGOJA KUKUCHE.

SASA PITISHA KIDOLE KWENYE BAHASHA, KONA YA JUU KULIA. HAKUNA STEMPU. USITAFUTE MUHURI, HAUPO, WALA ULE WA UFA. HAIKUPITA POSTA. IMEPITA CHINI YA MLANGO.

NIMEINUA MKONO KUBISHA MARA TATU UKASHUKA. NIMEOGOPA KUYASEMA HAYA NIKIKUTAZAMA, NA NIMEOGOPA UNIPOKEE HUJAYAJUA. BASI NIMEKAA HAPA KIZINGITINI. NAKUSIKIA UNASOGEZA KITI DIRISHANI.

NAJUA BARUA HUKUCHUKUA ASUBUHI NZIMA. SOMA TARATIBU, SINA HARAKA, SINA ZAMU.

UKIMALIZA, FUNGUA MLANGO.

STEMPU